Maswali ya Wasomaji: Kutunza Mashine za Spa na Saluni Mjini Mombasa

Barua nyingi nilizozipokea safari hii zimetoka kwa wenye saluni na vyumba vya spa wa Mombasa na vitongoji vyake, na karibu zote zina lalamiko moja: mashine zilizonunuliwa kwa fedha nyingi zinakufa zikingali changa. Wengi wanamlaumu muuzaji, au nchi ambako mashine ilitengenezwa. Baada ya kuzisoma barua hizo kwa makini, maoni yangu ni tofauti. Nyingi ya mashine hizi ziliundwa kwa kutegemea maji laini, hewa kavu na umeme usiotetereka, kisha zikaletwa katika mji wa maji ya visima, upepo wa bahari na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Anayezitumia hapa hana budi kuzitunza kwa mujibu wa mazingira ya hapa, na kijitabu cha maelekezo peke yake hakitamtosha. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Assalaam alaykum. Nina saluni ndogo Kisauni. Mashine yangu ya mvuke wa uso imeunguza koili kwa mara ya pili, na kila inapokaribia kuungua huanza kutema matone ya maji ya moto. Juzi tone moja lilimwangukia mteja shavuni. Maji ninayotumia ni ya kisima, lakini huyachemsha kwanza na kuyaacha yapoe. Je, nimeuziwa mashine mbovu?
*Mwenye saluni, Kisauni*

Waalaykum salaam, dada yangu. Mpe pole mteja wako, na tafadhali usiielekeze tena mashine hiyo usoni mwa mtu mpaka utakapokuwa umefanya haya nitakayokueleza. Sidhani kwamba umeuziwa mashine mbovu. Nadhani ni maji.

Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda wa pwani unaokizunguka vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, nayo matumbawe ni chokaa. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyeyusha chokaa hiyo na kuibeba hadi kisimani. Kisima kikiwa karibu na bahari, na hasa kikivutwa maji kupita kiasi, huingiwa na chumvi pia. Kwa hiyo ndani ya ndoo moja ya maji yako mna vitu viwili vinavyoidhuru mashine kwa njia mbili tofauti. Chokaa hujitenga na maji yanapopata moto, ikaganda juu ya koili na kufanya ukoko mweupe. Ukoko huo huzuia joto lisiingie majini, na koili, kwa kuwa joto lake halina pa kwenda, huzidi kuwaka hadi ikakatika. Chumvi haigandi upesi. Mvuke unapoondoka yenyewe hubaki, na kila unapoongeza maji mapya juu ya yale ya zamani unaongeza chumvi juu ya chumvi, hadi maji yanakuwa mazito na kutoa povu yanapochemka. Povu hilo ndilo linalopanda pamoja na mvuke na kutoka mdomoni mwa mashine kama matone ya moto. Kujaza maji kupita alama ya juu huleta matokeo hayo hayo.

Kuyachemsha kwanza hupunguza sehemu ya chokaa, nayo utaiona imeganda kwenye sufuria yako, lakini chumvi haipungui hata kidogo. Kwa kuwa maji kiasi yamekwenda na mvuke, yaliyobaki yana chumvi zaidi ya yale uliyoanza nayo.

Tumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa katika vituo vya petroli na maduka ya vipuri kwa ajili ya betri za magari. Hapo nakusihi uwe mwangalifu, kwa sababu katika rafu hiyo hiyo huuzwa asidi ya betri katika chupa zinazofanana nayo. Soma maandishi ya chupa mwenyewe, usimtume mtoto, na usikubali chupa isiyo na maandishi wala kizibo kilichofungwa kiwandani. Yakikosekana, maji ya kunywa yaliyosafishwa kwa mtambo wa kuondoa chumvi, yanayouzwa kwa lita mitaani, ni afadhali kuliko ya kisima, ijapokuwa madini hayaishi kabisa ndani yake. Maji ya mfereji nayo hayaaminiki sana. Yanayotoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi yana madini yake, na kwa kuwa hayatoki kila siku, majumba mengi huyachanganya tangini na ya kisima au ya mikokoteni, hata mwenye saluni hajui leo anatumia yapi. Ukitaka kujua, tia tone la maji juu ya kioo safi na uliache likauke juani. Likiacha doa jeupe, doa hilo ndilo linaloganda kwenye koili yako.

Kila jioni mwaga maji yote, pangusa tangi na uliache wazi likauke. Usitie mafuta yoyote ndani ya tangi, yawe ya asumini, ya mkaratusi au ya udi, kwa sababu mafuta huzidisha povu na kuozesha mipira inayozuia maji kuvuja. Kuondoa ukoko, tumia siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, mashine ikiwa imepoa na imetolewa kwenye umeme. Acha kwa nusu saa, mwaga, suuza mara mbili, kisha chemsha maji safi mara moja bila mteja na dirisha likiwa wazi. Usikwangue kwa kisu. Anayetumia maji yaliyokenekwa atafanya hivyo mara moja kwa mwezi, na anayetumia maji mengine kila wiki. Jambo la kushika sana ni kwamba siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, hata mabaki yake, kwani vikichanganyika hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu.

Kuna swali la kumuuliza fundi wako pia. Mashine nyingi za namna hii zina swichi inayokata umeme maji yanapopungua. Kama koili imeungua mara mbili, huenda swichi hiyo nayo imefunikwa na ukoko na haifanyi kazi. Kubadilisha koili bila kuikagua ni kuitayarisha koili ya tatu iungue.

Kiyoyozi changu hutoa ndoo nzima ya maji kwa siku. Nimeambiwa kwamba maji hayo hayana chumvi. Naweza kuyatumia katika mashine ya mvuke?
*Msomaji wa Ganjoni*

Kweli maji hayo hayana chokaa wala chumvi ya kutajika, kwa sababu ni unyevu wa hewa uliogeuka maji juu ya mabomba baridi. Lakini kabla ya kufika ndooni yamepita juu ya vumbi, ukungu na bakteria waliozoea kuishi katika sinia la kiyoyozi, tena yameosha shaba na alumini njiani. Yatumie kwa pasi ya nguo au kwa kupigia deki. Yasiingie katika mashine inayompulizia mtu mvuke puani, wala katika otoklevu, yaani mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke.

Nina kinyozi na chumba kidogo cha huduma za uso Changamwe. Umeme ulikatika na uliporudi uliunguza bodi za mashine mbili kwa pamoja. Isitoshe, kakangu ameniletea kutoka Marekani mashine ya kuyeyusha nta na kitanda cha umeme, nami naambiwa ninunue transfoma. Ninunue?
*Kinyozi, Changamwe*

Ndugu yangu, hatari kubwa iko katika dakika ya umeme kurudi. Wakati huo majokofu, viyoyozi na pampu za mtaa mzima huwaka kwa pamoja, na volti hupanda na kushuka kwa nguvu. Kwa hiyo umeme unapokatika, jambo la kwanza la mfanyakazi wako liwe kuchomoa mashine zenye bodi za elektroniki, na azirudishe moja moja baada ya dakika kama kumi za umeme kutulia. Kubonyeza swichi ya mashine peke yake hakutoshi. Kwa kuwa watu husahau, nunua stabilaiza, yaani kifaa cha kutuliza volti, yenye kuchelewesha umeme, nayo iwe na uwezo unaozidi wati za mashine zote utakazoichomekea. Vifaa vya kukinga mashine na umeme unaoruka hutegemea waya wa ethi, yaani ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, kufanya kazi yake ipasavyo, na katika majengo mengi ya zamani waya huo umekatika au haujawahi kuwepo. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, aupime. Penye maji na umeme katika chumba kimoja, ethi ni uhai wa mteja kabla haijawa usalama wa mashine.

Hesabu ya ekstensheni nayo ni nyepesi na watu hawaifanyi. Soketi yetu ya volti 240 yenye fyuzi ya ampia 13 hubeba takriban wati 3,100. Mashine ya mvuke ya wati 750, kabati la taulo la wati 200 na draya ya wati 2,000 zimeshakaribia kikomo. Akija mtu akachomeka birika la chai hapo hapo, plagi itaanza kuyeyuka. Plagi inayopata joto mkononi ni ya kuondolewa siku hiyo hiyo. Ukitumia jenereta, iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uichomekee mashine, ukianza na zenye mota. Inveta za bei nafuu zisizotoa umeme laini zinatosha kwa taa na simu, lakini huzichosha mota na transfoma.

Ama mzigo wa kakako, soma kibandiko cha kila kifaa kabla ya kutoa senti moja. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde), nasi tunatumia volti 240 na hezi 50. Mashine ya nta ni koili ya kupasha moto tu, haijali hezi. Transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati zake, itaifaa. Ukiichomeka moja kwa moja bila transfoma itavuta nguvu mara nne ya iliyopangiwa, na nta ni kitu kinachoshika moto. Kitanda ni habari nyingine. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, na mota iliyoundwa kwa hezi 60 peke yake, ikitumika kwa 50, huenda polepole kwa sehemu moja ya sita na hupata joto zaidi. Kibandiko kikisema 100 hadi 240 na 50/60, basi huhitaji transfoma hata kidogo, badilisha plagi tu. Kikisema 120 na 60 pekee, ushauri wangu ni kukiuza kwa anayetaka kitanda cha kawaida, au kuacha mota yake bila kutumika.

Mwanangu mshauri, mimi huwahudumia maharusi Mji wa Kale. Pamoja na singo na hina, nimeanza kuwaosha miguu katika beseni la umeme lenye pampu ya kuzungusha maji. Haujapita muda mrefu, pampu inanguruma na maji yananuka hata nikitia mapya. Nifanyeje?
*Mama wa Mji wa Kale*

Shikamoo, mama. Pampu ya beseni hilo hufyonza maji kupitia chujio dogo, huyasukuma katika mabomba yaliyofichika, kisha huyarudisha kwa kasi miguuni. Kila kinachotoka mwilini mwa bibi harusi hupita humo. Singo ni unga wa liwa, manjano na viungo vingine. Ukilowa huvimba na kukaa nyuma ya chujio. Mafuta ya nazi ambayo nje ya nyumba huwa majimaji huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chumba cha maharusi chenye kiyoyozi huweza kufika hapo, kwa hiyo yanaganda ndani ya mabomba na kuushika ule unga. Hiyo ndiyo sababu ya pampu kunguruma: inavuta lakini haipati maji.

Harufu inanitia wasiwasi zaidi kuliko mngurumo. Nyuma ya chujio, pale penye ngozi iliyokufa, nywele na mafuta, bakteria hujenga utando ambao maji mapya hayauondoi. Mwaka 2000 katika jimbo la California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu ya miguuni yaliyochukua miezi kupona na kuacha makovu. Wachunguzi walipofungua mabeseni ya pampu ya saluni hiyo walikuta uchafu wa nywele na ngozi umejaa nyuma ya machujio, na ndani yake bakteria aliyewaambukiza wateja. Waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kuoshwa walikuwa katika hatari zaidi. Nakueleza haya, mama, kwa kuwa bibi harusi aghalabu hunyolewa au kutolewa nywele siku hizo hizo.

Singo na mafuta vioshwe kwanza katika beseni la kawaida, miguu iwe safi ndipo iingie kwenye pampu. Baada ya kila mteja mwaga maji, sugua beseni kwa sabuni na brashi, suuza, kisha jaza maji yenye dawa ya kuua vijidudu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na uiache pampu iyazungushe kwa dakika 10 kamili. Kila jioni fungua skrubu za chujio, lisugue pande zote mbili, utoe vilivyokwama nyuma yake, na ukaushe. Kwa sasa, kabla ya kumhudumia mwingine, mwite fundi alifungue beseni lote, kwani dawa haitoboi utando uliokwisha kukomaa.

Ukiniuliza maoni yangu ya dhati, kwa kazi ya singo ningechagua beseni la kawaida lisilo na pampu, linalosuguliwa kila pembe kwa mkono. Ustadi anaoufuata bibi harusi kwako umo mikononi mwako.

Nasimamia spa ya hoteli Shanzu. Watalii wakipungua baada ya Pasaka tunafunga vyumba kadhaa hadi katikati ya mwaka, na kila tukifungua tunakuta mashine zilizokuwa nzima haziwaki. Inakuwaje mashine iharibike bila kutumika?
*Msimamizi wa spa, Shanzu*

Swali lako ni la thamani, kwa sababu hoteli nyingi huamini kwamba mashine iliyopumzika imetunzwa. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi zisizoonekana, nazo huingia kwa feni na matundu ya hewa na kutua juu ya bodi. Chumvi ya kawaida hufyonza unyevu na kuwa maji hewa inapofikia unyevu wa takriban asilimia 75, na msimu mnaofunga ninyi ndio wa masika na mwanzo wa kusi, ambapo hewa ya pwani hupita kiwango hicho siku nyingi. Mashine inayotumika kila siku hujikausha kwa joto lake yenyewe. Iliyozimwa katika chumba kilichofungwa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa pia, hukaa na utando wa maji ya chumvi juu ya shaba kwa wiki nyingi, na shaba huliwa.

Kabla ya kufunga, toa maji yote katika kila kitu chenye tangi: mashine za mvuke, mtambo wa chumba cha mvuke, kipasha mawe, otoklevu. Kabati la taulo likaushwe na mlango wake uachwe wazi kidogo, la sivyo utakuta ukungu umepanda hadi kwenye mpira. Toa betri katika kila kifaa kinachozitumia. Vioo vya mashine ya hifrikwensi, ile ya kupitisha umeme mdogo juu ya ngozi, vipanguswe, vikaushwe vizuri kwenye vichwa vyake vya chuma na kulazwa kila kimoja katika nafasi yake. Mashine ya mwanga ya kuondoa nywele ina maji yake maalumu ya kupozea, na kuyatoa au kuyaacha ni uamuzi wa fundi wa aliyewauzia, wasiiguse wahudumu. Panga vyote juu ya meza au rafu mbali na sakafu na mbali na dirisha linalotazama bahari, uvifunike kwa shuka ya pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani. Vifuko vya silika ndani ya makasha yanayofungika husaidia, mradi vibadilishwe.

Kisha mpe mtu mmoja kazi ya kuziwasha mashine za kavu kwa nusu saa kila wiki mbili, moja moja, akizisimamia. Zile za maji zisiwashwe bila maji. Na kama mna sauna, ifungeni swichi yake kuu na mkague kwamba hakuna aliyeigeuza stoo. Taulo na magodoro yaliyorundikwa juu ya jiko la sauna, kisha mtu akawasha kwa bahati mbaya, yataiteketeza hoteli.

Mkifungua tena, kagueni nyaya kwanza kwa macho na kwa mkono, kwani panya hupenda plastiki laini, halafu kila mashine ifanye kazi bila mteja siku moja kabla.

Ngozi ya bandia ya vitanda vyetu vya masaji inapasuka, na vinalia mteja anapojigeuza. Tunavipangusa kwa spiriti kila baada ya mteja.
*Msomaji wa Mtwapa*

Spiriti na klorini kali hunyonya kile kinachoifanya ngozi hiyo iwe laini, na mafuta ya kukandia yakibaki juu yake huikausha zaidi. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, uipanguse kwa dawa ambayo mtengenezaji ameruhusu, kisha uiondoe dawa hiyo kwa kitambaa chenye maji. Tandika shuka nzito na uibadilishe kwa kila mteja. Kulia kwa kitanda ni bolti zilizolegea. Zikaze zote kila mwezi. Ufa ukishafika kwenye sponji hakuna dawa inayofika humo ndani, kwa hiyo mpe mshonaji kazi ya kuweka ngozi mpya.

Otoklevu yetu ndogo inavuja mvuke mlangoni, na vifaa vinatoka na madoa ya kutu. Mwenzangu anataka tuiuze tununue kabati lenye taa ya buluu, ambalo halina maji wala mpira wa kuharibika.
*Wahudumu wawili, Tudor*

Msiiuze. Otoklevu huua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi 121 dakika 15 au nyuzi 134 dakika 3, na mvuke hufika kila pembe. Taa ya kabati huua pale tu mwanga wake unapoangukia. Upande wa chini wa mkasi haufikii, na chini ya tone la mafuta haifanyi kitu. Tena taa hiyo huchoka na kupoteza nguvu huku ikiendelea kung'aa buluu ile ile, hata mtu asijue. Kabati hilo ni la kuhifadhia vifaa vilivyokwisha kutakaswa.

Mlango unavuja, mara nyingi, kwa sababu ya unywele mmoja, uzi wa taulo au ukoko juu ya mpira. Upanguseni kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji yaliyokenekwa, na sehemu ya chuma mpira unapokalia pia. Ukiwa umekakamaa au una ufa, ununuliwe mwingine wa aina ile ile, msiupake mafuta. Kuhusu kutu, nadhani mnaloweka vifaa katika klorini na kuviingiza bila kuvisuuza vya kutosha. Klorini ikipata joto hutoboa hata chuma kisichoshika kutu. Viosheni kwa sabuni, visuuzeni, vikausheni, na msichanganye mkasi wa chuma cha kawaida na vile vya chuma kisichoshika kutu katika sinia moja. Maji ya tangi yabadilishwe kila wiki.

Mimi ni mwajiriwa katika spa ya Nyali. Tuko wanne na mashine ni za wote. Ikiharibika, bosi hutukata mshahara sote, hata aliyekuwa likizo. Je, ni haki, na tufanye nini ili mashine zisiharibike?
*Mhudumu, Nyali*

Dada yangu, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa na makosa ya kukusudia ya mfanyakazi. Koili iliyoganda chokaa kwa miezi sita si kosa la kukusudia la mtu aliyekuwa likizo. Mwonyesheni bosi wenu barua hii kwa adabu, kwa kuwa jibu linalofuata ni lake pia.

Mashine ya wote aghalabu haina wa kuitunza. Kila mashine ipewe mhudumu mmoja, jina lake libandikwe ubavuni, naye apewe muda wa kazi hiyo ndani ya saa zake za mshahara. Dakika 20 za mwisho wa siku zisipangiwe mteja. Mwenye spa anayejaza nafasi hizo na wateja atalipa zaidi kwa fundi, na wahudumu wake hawatakuwa wamemkosea. Asiyepewa mashine asiifungue, asiibadilishie fyuzi wala kuigongagonga ikigoma. Kazi yake ni kuizima, kuitoa kwenye umeme na kuandika.

Wapi aandike? Nunueni daftari moja gumu, kila mashine iwe na kurasa zake. Ukurasa wa kwanza wa kila mashine uwe na jina la mtengenezaji, namba yake, volti na wati, tarehe ya kununuliwa, mwisho wa dhamana na simu ya fundi. Zinazofuata ziwe na tarehe, kilichofanywa, maji yaliyotumika, na saini. Mlio mpya, harufu, plagi yenye moto au maji yanayochelewa kuchemka viandikwe siku vinapoonekana, hata kama mashine bado inafanya kazi. Fundi akija, mpeni daftari asome kabla hajafungua skrubu ya kwanza, na naye aandike alichobadilisha kwa mkono wake.